Hilux Vigo 3.0 dizeli: ekzosi imeoza, ninunue seti ya inchi 3 au nichongeshe?

Mtambo_Tabata

Habari za humu wakuu. Gari ni Hilux Vigo dabo kebini, injini 1KD-FTV, gia za mkono. Ekzosi imeoza kuanzia sailensa kwenda nyuma, na flenji ya katikati (bamba la bolti linalounganisha mabomba) imebaki kama karatasi. Kazi yake ni mzigo wa kilo 500 hadi 700, Tabata kwenda Kigamboni karibu kila siku, na mara mbili kwa mwezi Morogoro.

Bomba la mtumba sitaki, nalo litaoza. Kuna seti za inchi 3 kutoka nje, zinakuja na flenji zake, kazi ni kufunga bolti. Fundi naye anasema atachonga kwa bomba la maji, apige moja kwa moja bila sailensa ili gari "lipumue". Nichukue saizi gani, chuma gani, na ufungaji unaendaje? Nguvu inaongezeka kweli au ni kelele tu? Naomba vipimo wakuu, jibu la "tafuta fundi mzuri" ninalo tayari.

Spana14

Mkuu, nianze na swali la nguvu maana ndilo linalokula hela za watu. Kwenye 1KD ambayo kompyuta yake haijaguswa, ekzosi peke yake inaongeza kidogo sana. Tabo yake (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kisukume hewa kwenye injini) ina mabawa yanayojirekebisha, na kompyuta ndiyo inayopanga presha. Ukipunguza mkwamo wa moshi nyuma ya tabo, tabo inaamka mapema kidogo na joto la moshi linashuka gari linapopanda na mzigo. Kwa gari la kazi hiyo ni faida, ila usisubiri maajabu. Kama linatoa moshi mweusi, hiyo nayo haiponywi na ekzosi: angalia injekta, EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), na mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo) kama imepasuka.

Saizi: bomba la ekzosi hutajwa kwa kipenyo cha nje. Inchi 2.5 ni milimita 63.5, inchi 3 ni milimita 76. Kwa ukuta wa milimita 1.5, nafasi ya ndani ya inchi 3 inaizidi ile ya 2.5 kwa karibu asilimia 46. Kwa gari lako inchi 3 inatosha na kubaki. Hata 2.5 itafanya kazi iwapo kona zake zimekunjwa bila kubonyea. Ukilipia inchi 3 halafu fundi akabonyeza kila kona, umenunua bomba pana lenye koo jembamba.

Utasikia watu wakisema injini lazima iwe na mkwamo kidogo. Kwa dizeli ya tabo hilo halina maana. Asili yake ni injini za petroli zisizo na tabo, kama 2TR ya Hilux ya petroli: bomba likiwa pana kupita kiasi kasi ya moshi inapungua na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini. Hata huko kinachotafutwa ni kasi ya moshi, mkwamo hauna kazi.

Bomba la maji likatae. Kwanza mabomba ya maji hayatajwi kwa kipenyo cha nje. La inchi 2.5 likipimwa kwa nje ni milimita 76, kwa hiyo wewe na fundi mnaweza kukubaliana "mbili na nusu" kila mmoja akiwa na bomba tofauti kichwani. Ukuta wake ni zaidi ya milimita 3, uzito unakuwa mara mbili na zaidi, hanga zinakatika. Halafu lina zinki. Likichomelewa linatoa moshi mweupe, na fundi akiuvuta usiku huo analala na homa. Bomba la samani nalo usikubali, ukuta wa milimita 1 hautakufikisha mbali.

Chomelea_Gerezani

Naongezea upande wa chuma, kwa sababu Kigamboni kila siku maana yake ni hewa ya chumvi kila siku. Tena ekzosi za Dar zinaoza kutokea ndani. Kwenye foleni na safari fupi bomba halipati joto la kukausha maji, yanatuama tumboni mwa sailensa yakiwa na asidi ya moshi wa dizeli. Ndiyo maana sailensa inatangulia na bomba la mbele linabaki zima.

Chuma cha kawaida kilichopakwa alumini kinakufaa ikiwa bajeti ni ndogo, lakini kila panapochomelewa alumini inaungua na kutu inaanzia hapo. Stenlesi ya daraja la 409 inapata kutu ya juujuu, rangi ya chai, ila haitoboki upesi. Ya 304 ndiyo ya pwani. Nenda dukani na sumaku. 409 inashikwa kama chuma cha kawaida, 304 haishikwi, au inashikwa kidogo sana kwenye kona zilizokunjwa. Sumaku ikiganda kwenye bomba lililonyooka, na muuzaji anashikilia kuwa ni 304, rudisha sumaku mfukoni uondoke.

Ukichongesha, muulize fundi atatumia fimbo gani ya kuchomelea kabla hajawasha mashine. 304 kwa 304 ni 308L. 304 kwa flenji ya chuma cha kawaida ni 309L. Fimbo ya kawaida ya mageti ikitumika, mshono unaoza mapema na bomba linabaki linang'aa. Mwenye mashine ya argoni aingize gesi ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani wa mshono unakuwa na makoko meusi kama sukari iliyoungua, na ufa huanzia hapo.

Stenlesi inatanuka kuliko chuma cha kawaida. Bomba la 304 la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 300 linarefuka karibu milimita 15. Injini nayo inayumba kwenye maunti zake. Kwa hiyo weka fleksi (kipande cha bomba kinachonyumbuka) ya sentimita 15 hadi 20 mara baada ya bomba la kushukia kutoka kwenye tabo, na nyuma yake kila kitu kining'inie kwenye mpira. Ukiona fundi anachomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi, msimamishe, litapasuka kwenye flenji. Flenji ziwe na unene wa milimita 8 hadi 10. Nyembamba zinapinda katikati ya bolti na kuvuja hata ubadilishe gasketi mara ngapi.

Kuchomelea kukifanyika garini, toa waya wa hasi wa betri (zikiwa mbili, toa zote mbili) na ubane klampu ya ethi kwenye bomba lenyewe karibu na mshono. Ikibanwa mbali, kwa mfano kwenye ekseli, umeme unapita kwenye beringi na kuzitoboatoboa. Garini piga nukta tatu nne tu za kushikilia, kisha lishushe bomba, umalizie mezani.

Spana14

Ufungaji wa seti sasa. Kabla ya kulipa, hakikisha ni ya KUN26 (namba ya modeli ya Vigo 3.0 ya 4x4) dabo kebini, usukani wa kulia. Ya Revo, Hilux iliyofuata baada ya Vigo, haiingii, na ya kebini moja urefu wake ni tofauti. Uliza pia inaanzia wapi. Kama bomba lako la mbele ni zima, nunua inayoanzia katikati. Kufungua nati za nyuma ya tabo bila sababu ni kutafuta stadi (bolti isiyo na kichwa iliyopandwa hapo) iliyokatika.

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote, na asubuhi rudia. Gari likiwa limepoa, lipandishe kwenye stendi chini ya chesisi, usilale chini ya jeki peke yake. Bolti ngumu ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, ule mlio wa "tak" ndio kutu inaachia. Ikigoma ipashe moto nati, stadi usiiguse kwa moto, na funika mipira ya breki na mabomba ya mafuta. Bomba la nyuma lililooza likate kwa grenda mbele ya ekseli, hutakuwa na haja ya kulipitisha zima. Mipira ya hanga paka maji ya sabuni, itatoka bila matusi.

Bomba jipya lifunge kuanzia mbele kwenda nyuma, nati zote kwa vidole tu. Bolti mpya, gasketi mpya, nyuzi za bolti zipakwe grisi ya shaba. Likishaning'inia lote, lizungushe mpaka liwe na angalau milimita 25 kutoka kwenye chesisi, propela shafti na tangi, na milimita 50 kutoka kwenye mipira ya breki na nyaya. Ndipo ukaze, ukianzia mbele. Bolti za M10 Nm 40 hadi 45 zinatosha, ukizidisha unaponda gasketi.

Washa injini ya baridi, mtu azibe mkia kwa tambara bichi sekunde chache, wewe sikiliza kila kiungo na upake maji ya sabuni. Kwenye dizeli, panapovuja pataonyesha masizi meusi baada ya siku chache. Moshi wa mafuta ya kiwandani siku ya kwanza ni kawaida. Baada ya kilomita 100 kaza tena zote, likiwa limepoa.

BintiDizeli

Bila sailensa utajuta ukiwa njiani Morogoro, kaka. Injini ya silinda nne kwa mizunguko 2,000 inapiga milipuko 67 kwa sekunde, na kebini ya pikapu inapenda sana sauti hiyo: mvumo mzito wa kichwa kuuma, papo hapo kwenye mwendo wa safari. Chukua sailensa ndefu ya kupita moja kwa moja, ile yenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, kisha ongeza rezoneta ndogo (kama sailensa fupi ya kupunguza mvumo) mbele yake. Haizuii moshi, inakula sauti. Mvumo ukibaki, dawa ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, urefu karibu mita 1.5 kwa mizunguko hiyo, na kwa chesisi ya pikapu nafasi yake ipo. Kuna kanuni za mazingira za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na trafiki hahitaji kipima sauti kukusimamisha.

Mkia utokeze nyuma ya tairi la nyuma, ukielekea pembeni. Ukiishia chini ya bodi, gesi inajikusanya kwenye kanopi au inarudi kwa waliokaa nyuma, na hewa ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Mtambo_Tabata

Asanteni sana wakuu, na dada. Nimeelewa, 304 na sailensa. Mawili yamebaki: masega (katalisti, kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) niyatoe? Na juu ya ekseli, nikibeba kilo 700 bomba halitagongwa?

BintiDizeli

Masega yakiwa hayajaziba, yaache. Yanapunguza harufu na sauti, na kwenye bomba pana hayakwamishi kitu cha maana. Wanaoyasifia kutolewa mara nyingi ndio wanaoyanunua.

Spana14

Ekseli: gari likiwa tupu, pima nafasi kati ya ekseli na bampastopu (mpira unaozuia ekseli isigonge chesisi). Bomba likae juu ya ekseli kwa nafasi hiyo na sentimita 3 za ziada. Kama ni sentimita 9, liwe na 12. Zikikosekana, kona ya kupanda ekseli irudiwe, usikubali fundi aibonyeze kwa nyundo ili ipite. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, pita kwenye matuta mawili matatu, ukague kama bomba lina alama ya kukwaruzwa.