Mjadala: Ukuta wa Eagles wa 2023 ulibomolewa na wachezaji au na benchi la ufundi?

Wadau wa futiboli ya Kimarekani, naomba tulijadili kwa kina jambo ambalo kila msimu tunalipitia juu juu. Ipo hoja inayorudiwa mara kwa mara kwamba kocha wa ulinzi katika NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, hubebeshwa lawama na kupewa sifa asizostahili, kwa kuwa timu yenye mabeki wazuri itazuia hata ikipangwa vibaya, na yenye mabeki dhaifu itafungwa hata ikipangwa na bingwa wa mbinu. Wanaoishikilia hoja hii hupenda kuwatolea mfano Philadelphia Eagles wa 2023: wanasema ukuta ule ulianguka kwa sababu ulikuwa umezeeka, na kwamba kumbadilisha mpangaji wa ulinzi mwezi Desemba hakukuongeza wala kupunguza kitu. Mimi napinga, na ninapinga kwa kuitumia timu hiyohiyo.

Kwa ambao hawakuufuatilia msimu ule, Eagles walishinda michezo 10 kati ya 11 ya mwanzo. Kisha San Francisco wakaja Philadelphia na kuwachapa 42–19, wiki iliyofuata Dallas wakawachapa 33–13, na kocha mkuu Nick Sirianni akaamua kumnyang'anya kocha wa ulinzi, Sean Desai, kazi ya kuita mipango ya ulinzi wakati wa mchezo na kumkabidhi Matt Patricia, aliyekuwa tayari ndani ya benchi la ufundi kama msaidizi. Tuuzingatie muda wa uamuzi huo: timu ilikuwa na ushindi 10 na vipigo 3, na michezo minne tu ya ligi ilikuwa imebaki. Katika minne hiyo ilishinda mmoja, halafu ikaingia hatua ya mtoano na kufungwa 32–9 na Tampa Bay.

Mchezo wa kwanza wa Patricia ulikuwa Seattle, Jumatatu usiku, Desemba 18. Eagles waliongoza 17–13 zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, na Seattle walikuwa na mpira karibu kabisa na lango lao wenyewe, wakihitaji yadi 92, huku kwotabeki wao wa kwanza (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), Geno Smith, akiwa majeruhi na nafasi yake ikishikwa na Drew Lock. Hizo ndizo dakika za lala salama ambazo ukuta wowote wenye mpangilio hutamani kuzilinda. Lock alizikata yadi zote 92, na zikiwa zimebaki sekunde 28 akamtupia Jaxon Smith-Njigba, kijana wa mwaka wa kwanza, pasi ndefu ya yadi 29 iliyoishia ndani ya eneo la kufungia. Aliyekuwa akimkaba ni James Bradberry, beki wa pembeni mwenye umri wa miaka 30 ambaye kasi ilikuwa imeanza kumkimbia. Mwenzangu wa upande wa pili ataitazama picha hiyo na kusema kwamba beki alizidiwa, basi yameisha. Mimi nauliza ni mpango gani unaomtaka beki anayejulikana na kila mtu kwamba amepungua kasi ashindane mbio na mpokeaji wa pasi chipukizi katika nusu dakika ya mwisho. Miguu ni ya mchezaji, lakini kazi aliyopewa miguu hiyo ilipangwa na mtu mwingine.

Nadhani tatizo letu ni kwamba tunafikiri kubadilisha mpangaji wa ulinzi ni sawa na kubadilisha dereva wa basi, kwamba abiria ni walewale na njia ni ileile. Kazi hii haiendi hivyo. Kanuni za NFL zinaruhusu mchezaji mmoja tu wa ulinzi uwanjani kuvaa kofia yenye redio, ile yenye alama ya kijani, na mawasiliano hukatwa saa ya kuanzisha mchezo inapobakiza sekunde 15. Baada ya hapo sauti ya kocha haipo tena. Washambuliaji wakihama upande, mpokeaji akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia kabla mpira haujaanzishwa, mabeki 11 wanapaswa kuelewana kwa ishara na maneno mafupi yaliyofundishwa tangu kambi ya mazoezi ya majira ya joto: nani anamchukua nani, nani anarudi nyuma, nani anabaki. Maelewano hayo hayajengwi ndani ya wiki moja ya Desemba. Makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji yanaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa vifaa kamili katika msimu mzima wa kawaida, kwa hiyo hata kocha mwenye akili nyingi akikabidhiwa timu wakati huo hana tena siku za kufundishia. Anachoweza kufanya ni kuita mipango, akitumaini kwamba wachezaji wanaielewa kama anavyoielewa yeye.

Huo ndio uliokuwa udhaifu wa Desemba ile, na ulionekana tena siku ya mwisho ya mwaka. Arizona walifika Philadelphia wakiwa wameshinda michezo mitatu tu msimu mzima, wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 21–6, na wakaondoka na ushindi wa 35–31. Kocha mkuu wa Arizona alikuwa Jonathan Gannon, mtu aliyekuwa kocha wa ulinzi wa Eagles hao hao msimu uliotangulia.

Nimemtaja Gannon kwa sababu msimu wake wa 2022 unaijibu kabisa ile nadharia ya kwamba wachezaji wazuri wanatosha. Ukuta wake uliwaangusha makwotabeki mara 70 kabla hawajautupa mpira, na wachezaji wanne walifikisha kila mmoja zaidi ya mara 10. Hawa walikuwa wachezaji wazuri kwa kipimo chochote. Hata hivyo, katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2023 hawakumwangusha Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, hata mara moja, na katika robo ya mwisho Kansas City walifunga tachidauni (mpira kufikishwa eneo la kufungia) mbili za karibu kwa hila ileile: mpokeaji anaanza kukimbilia katikati kana kwamba atavuka upande wa pili, mabeki wanaanza kukabidhiana mtu wa kumkaba, kisha anageuka ghafla na kurudi alikotoka, na pale alipo hayupo mtu. Mara ya kwanza alikuwa Kadarius Toney, mara ya pili Skyy Moore, upande wa pili wa uwanja. Kuachwa hivyo mara mbili katika robo moja hakusababishwi na umri wala na kasi. Benchi la Kansas City lilikuwa limeisoma kanuni ya kukabidhiana ya Eagles, na benchi la Eagles halikuwa na jibu baada ya mara ya kwanza. Walifungwa 38–35.

Sasa niipe hoja ya wapinzani wangu haki yake, maana ina uzito. Mwaka 2024 Eagles walimleta Vic Fangio, na ukuta uliokuwa karibu na mkia wa ligi ukawa wa kwanza kwa kuruhusu yadi chache. Lakini mwaka huohuo walipata mabeki wawili wapya kupitia drafti (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya), Quinyon Mitchell na Cooper DeJean, na wote wawili walikuwa wazuri mno. Nakubali kwamba bila wao Fangio asingefika alikofika, na nakubali pia kwamba uongozi uliingia msimu wa 2023 ukiwa umeipuuza nafasi ya mabeki wa kati. Lakini hapo katikati yupo Zack Baun. Huyu alikaa New Orleans miaka minne akitumika zaidi katika vikosi vya mikwaju, vile vinavyoingia mpira unapopigwa kwa mguu, akasajiliwa Philadelphia kwa mkataba wa mwaka mmoja bila kelele yoyote, Fangio akamhamishia katikati ya ulinzi, na msimu ulipoisha akachaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Je, Baun tumhesabu kama mchezaji mpya au kama kazi ya kocha? Mimi namhesabu kama kazi ya kocha, kwa sababu kipaji hicho kilikuwa sokoni kila mtu akikiona.

Lipo na jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Desai aliulea ukocha wake Chicago chini ya Fangio, na mfumo alioujaribu 2023 ni wa ukoo mmoja na ule ulioleta ubingwa 2024: mabeki wawili wa mwisho wakikaa nyuma kabisa, watu wanne tu wakimkimbilia kwotabeki, na mengine yote yakitegemea maelewano. Katika Super Bowl ya Februari 9, 2025, Eagles waliwafunga Kansas City 40–22 na kumwangusha Mahomes mara sita bila kutuma hata mara moja mtu wa ziada kumkimbilia. Kwa hiyo hata wanaodai kwamba mfumo wenyewe ni wa woga, kwamba ni kupaki basi, nao wamekosea mahali pa kulenga. Mfumo wa aina hiyo uliangushwa ukiwa umefundishwa nusu, ukanyang'anywa mwenyewe katikati ya safari, kisha ukatwaa ubingwa ulipofundishwa tangu mwanzo na mtu aliyeubuni.

Simtetei Desai kwa kila kitu. Pointi 42 nyumbani ni pointi 42, na kikao kigumu kilihitajika baada ya Dallas. Ninachosema ni kwamba tiba ilikuwa kupunguza idadi ya mipango hadi ibaki michache inayojulikana na kila beki, na kumwacha aliyeifundisha aendelee kuiita. Kwa wenzangu mnaoamini kwamba Sirianni alifanya sawa, naomba mnijibu swali moja mahususi: usiku ule wa Seattle, katika zile yadi 92, ni kitu gani Patricia alikuwa na uwezo wa kuwapa mabeki wale ambacho Desai hakuwa nacho?