Naomba ushauri: koti gani la kuvaa na kilti kazini?

Wakuu, habari za leo. Naishi Edinburgh, na mwezi ujao tuna mkutano na wateja ambapo wenzangu wa Kiskoti watatinga kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa huku. Yangu ninayo, ya sufu, yadi 8, zawadi ya baba mkwe. Tatizo ni koti.

Jumapili nilijaribu lile la suti yangu ya kijivu. Aibu! Kilti inafungwa juu, usawa wa kitovu, halafu koti likashuka mpaka makalioni, likameza marinda ya nyuma na ule mkoba wa mbele, sporani. Kwenye kioo nilikuwa kama mtu aliyesahau suruali nyumbani. Na mimi nimezoea kanzu na koti la suti kule Tanga, ambako urefu haumsumbui mtu.

Shemeji kaniazima Prince Charlie, lile fupi lenye vifungo vya rangi ya fedha, ila hilo ni la usiku, la harusi na tai ya kipepeo. Saa tatu asubuhi si nitaitwa mhudumu wa hoteli?

Nimebaki na makoti mawili ya kilti: aina ya Argyll, jeusi, linalokubali tai ya kawaida, au la tweed (kitambaa kizito cha sufu) lenye vifungo vya pembe. Moyo uko kwenye tweed. Lakini Argyll nitalivaa hata kwenye dhifa za jioni, na mfuko unaruhusu koti moja tu.

Mlioko Uskoti, mngechukua lipi? Kizibao ni lazima? Na je, fundi anaweza kulifupisha la suti likakaa sawa, au nitaharibu kitambaa bure?