Uskoti: akina William Robertson wanne kwenye vitabu vya ubatizo, wangu ni yupi?

Mkazi_wa_Kongwa
Wakuu, naomba msaada kwa wanaozijua rekodi za Uskoti. Ukoo wetu hapa Kongwa una Mskoti aliyekuja na mradi wa karanga mwaka 1947. Kwa vyeti vya ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya rekodi za Uskoti, nimepanda hadi kwa babu yake, William Robertson, aliyefariki 1889 akiwa na miaka 58. Cheti cha kifo kinataja wazazi: John Robertson, mfumaji, na Janet Stewart. Sensa ya 1881 inasema alizaliwa Blair Atholl, Perthshire. Usajili wa serikali ulianza 1855 tu, kwa hiyo huko nyuma nimebaki na vitabu vya ubatizo vya parokia. Kati ya 1829 na 1833 nimepata akina William Robertson wanne, baba wa wote ni John. Wawili mama ni Janet Stewart, mmoja Jean Stewart, na mmoja mama hakuandikwa kabisa. Nimchukue ambaye mwaka wake unakaribiana na umri wa cheti?

AreaC_Nyaraka
Hapana mkuu, mwaka ndio kigezo dhaifu kuliko vyote. Umri wa kwenye cheti cha kifo ni wa kukadiriwa na aliyetoa taarifa. Angalia sehemu ya mtoa taarifa: akiwa mkwe au jirani, hata jina la mama lishuku. Panua utafutaji, miaka mitano kila upande.

Robertson na Stewart katika Atholl ni sawa na kutafuta Juma Hamisi pale Kondoa. Jina halitakusaidia, kinachosaidia ni watu waliomzunguka. Kabla ya kurudi parokiani, maliza vyeti vya baada ya 1855. Tafuta kifo cha Janet mwenyewe. Wanawake wa Uskoti hubaki na jina la kwao kwenye rekodi, kwa hiyo mtafute kama Stewart na pia kama Robertson. Kama alifika 1855, cheti chake kitataja wazazi wake. Kisha vifo vya ndugu zake William. Kila ndugu aliyefariki baada ya 1855 anataja wazazi walewale na kazi ya baba, na ukiona "mfumaji" inajirudia, hiyo ndiyo familia yako. Cheti cha ndoa ya William kitazame pia: kama alioa 1855 au baadaye, kinataja wazazi wa pande zote mbili, na hapo yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Sensa ya Juni 1841 ina mtego. Watu wa zaidi ya miaka 15 umri wao ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo baba wa miaka 38 ataandikwa 35. Mtoto wa miaka 10 anaandikwa 10. Haionyeshi nani ni nani wa nani, wala parokia ya kuzaliwa. Hayo utayapata kwenye sensa ya 1851, ila kijana wa miaka 20 wakati huo huenda alikuwa mtumishi kwenye shamba la mtu mwingine.

Mkazi_wa_Kongwa
Ahsante mkuu. Mtoa taarifa ni mtoto wa kiume. Ila hao wawili wa Janet Stewart nitawatenganishaje?

Mama_Nyaraka_Dom
Kwanza, mwanangu, jiulize kama ni familia mbili tofauti au moja. Mtoto akifariki mchanga, jina lake lilipewa anayefuata. Vitabu vya mazishi vina mapengo makubwa, kwa hiyo kifo cha wa kwanza huenda usikione popote.

Pili, nunua picha ya ukurasa wenyewe pale ScotlandsPeople. Kusoma orodha ni bure ukijisajili, picha ni krediti 6 (salio unalonunua hapohapo kwenye tovuti), na ukishanunua inabaki kwenye akaunti yako. Orodha haikupi vinavyotofautisha: jina la shamba au kitongoji, kazi ya baba, na mashahidi pale karani alipowaandika. John wa kitongoji kimoja na John wa kingine ni watu wawili hadi uthibitishe vinginevyo. Mashahidi mara nyingi ni ndugu wa mama.

Tatu, wakusanye watoto wote wa kila familia. Kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo ambayo ni bure, acha jina la mtoto wazi, jaza majina ya wazazi tu. Waskoti wengi walifuata mpangilio: wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe; wa kwanza wa kike bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba, wa tatu mama mwenyewe. Ni dalili tu, si ushahidi.

Yule wa Jean usimtupe bado. Janet huandikwa Jessie au Jennet, na mara nyingine karani alichanganya na Jean. Asiye na mama pia abaki.

AreaC_Nyaraka
Naongezea la Mama. Wafuatilie wale wengine pia, hadi wafe. Ukipata cheti cha kifo cha William mwingine chenye Jean Stewart na kitongoji chake, umeshamtoa. Hii kazi watu huiruka, wanachukua mti wa ukoo wa mtu mtandaoni na kunakili kosa lake.

Ndoa ya John na Janet ukiiona parokia mbili zenye tarehe tofauti, Blair Atholl na Moulin tuseme, usishtuke. Ni matangazo ya ndoa, yalisomwa parokiani kwa bwana na parokiani kwa bibi harusi.

Mama_Nyaraka_Dom
Na ukifika kwa John mwenyewe, kumbuka kati ya 1783 na 1794 kila uandikishaji ulitozwa ushuru wa peni 3, na wengi hawakuandikisha watoto. Ukikosa ubatizo wake, pitia vitabu vya baraza la wazee wa kanisa. Vipo bure ScotlandsPeople, ila havina orodha ya majina, unafunua ukurasa mmoja mmoja.