Nakariri maneno 20 ya Kiingereza kila siku, maana zinanikimbia, nifanyeje?

Kimara_Mwisho:
Habari wakuu. Nina miezi minne kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Primari nilisoma Kiswahili tupu, form one kila kitu kikageuka Kiingereza, tukawa tunakariri notsi mpaka form four. Sasa nimenunua kaunta buku, kila usiku naandika maneno 20 na maana zake pembeni, asubuhi kwenye mwendokasi narudia, ila wiki ikipita nusu yake sikumbuki. Na hata ninayoyakumbuka yananiangusha. Juzi wakala wa meli katuma imeili ina "outstanding balance", mi najua "outstanding" ni bora sana maana ndo ticha alikuwa anamwandikia aliyepata mia, nikamwambia bosi wanatusifia hesabu zetu. Kumbe kuna hela hatujalipa. Bosi aliniangalia tu asiseme kitu, iliniuma sana.

bintiTandika:
Pole mdogo wangu. Kichwa chako kizima, kinachokuponza ni hiyo kolamu ya pembeni, neno moja unalipa maana moja wakati lenyewe lina kazi tatu nne. Chukua "charge": simu ni kuchaji, kwenye invoisi ni kutoza, polisi ni kushtaki. Andika sentensi nzima ulikolikuta. "Outstanding" ikikaa na "balance" ni deni, ikikaa na "student" ni sifa, jirani yake ndo anakwambia.

Mzee wa Kamusi:
Naongezea. Sisi toka kwenye pika tunapata mpishi, mapishi, upishi, hakuna anayeyakariri moja moja. Kiingereza nacho kina mizizi, mingi ya Kilatini. "Portare" ni kubeba, hapo una "import", "export", "transport", "portable", mpaka "porter", yule mpagazi wa Kilimanjaro. Mengi yako ofisini kwako hapo hapo. Ila angalia, "port" ya bandari imetoka kwenye "portus", neno lingine, kwa hiyo mzizi ukusaidie kubahatisha halafu kamusi ithibitishe.

bodaMsomi:
Mimi 20 kwa siku nazikataa kabisa. Matano yanatosha, rudia kesho, keshokutwa, kisha baada ya wiki, na unaporudia funika maana kwa mkono ujitafute mwenyewe kwanza. Kusoma tu kwa macho unajiona unajua, siku ya kulihitaji halitoki.

Kimara_Mwisho:
Asanteni sana wakuu, dada wa Tandika umenifungua macho. Jana nimechukua neno moja tu, "clear", nikapitia imeili za ofisini. Mzigo uki-"clear" umeruhusiwa kutoka bandarini, bosi akiuliza "is it clear?" anataka kujua kama nimeelewa, na hundi iki-"clear" hela imeshaingia. Yote matatu nayakumbuka bila kufungua daftari. Leo usiku naingia kwenye "due", imejaa kwenye kila invoisi.