Miss Marple wa kuchekesha: kitabu kimetendewa haki?

Mzee wa Shangani: Wadau, jana tumeangalia Murder She Said, filamu ya 1961 iliyotokana na kitabu cha Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, 4.50 from Paddington. Nimelala na hasira. Kitabuni, anayeona mwanamke akinyongwa kwenye treni inayopita sambamba ni Bi McGillicuddy. Anayeingia kwenye jumba linaloshukiwa kufichwa maiti, kufanya kazi za ndani, ni binti Lucy Eyelesbarrow. Filamu imewafuta wote wawili, kila kitu anafanya Miss Marple mwenyewe, yule bibi mpelelezi, na ukumbi mzima unacheka. Mtu kanyongwa, kicheko kinatoka wapi?

Korosho Newala: Shikamoo mzee. Kitabu kipo palepale, hakuna aliyekichoma. Margaret Rutherford, aliyeigiza Miss Marple, akikunja uso tu mimi hoi. Na Christie alimtabarukia kitabu chake cha 1962, sasa wewe unamuonea uchungu nani?

Mzee wa Shangani: Marahaba. Kumheshimu mwigizaji ni jambo moja, kuipenda filamu ni jambo jingine.

Mtu wa Lindi: Mzee usijichoshe. Hao wenzako wa Mtwara wanacheka hata msibani, uzito wa maiti wataujulia wapi?

Binti Mikindani: Wewe wa Lindi, futa hiyo kauli! Sisi hatuchekei maiti. Wanaochekesha ni watani, na hiyo ndiyo kazi yao. Alipofariki babu yangu, mtani alivaa kanzu yake, akashika bakora, akakohoa vilevile alivyokuwa akikohoa babu. Mama alikuwa hajala siku mbili. Akacheka, akalia, kisha akaomba uji. Niambie dharau iko wapi hapo.

Mtu wa Lindi: Dada, hata huku watani wapo, usinifundishe. Mtani ana haki aliyorithi. Mtengeneza filamu kapewa na nani?

Korosho Newala: Watani wa siku hizi nao! Wanakaa mlangoni mwa kaburi, hawaondoki mpaka waone noti, ukiwapa sarafu wanakurushia.

Binti Mikindani: Huyo si mtani, huyo ni mdai. Mtani wa kweli anachimba kaburi, anabeba maji, anapika. Tusichanganye.

Mpenda Senema: Jamani, kuna jambo mmelipita. Mle ndani yumo Joan Hickson, yule Bi Kidder wa kazi za nyumbani. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa Miss Marple wa BBC kuanzia 1984, na yule hakuchekesha, alitulia kama kitabu kinavyotaka.

Mtu wa Lindi: Bado nasubiri. Haki ya kuchekesha kapewa na nani?

Binti Mikindani: Kapewa na Christie! Aliwauzia MGM, kampuni ya filamu, haki za vitabu vyake. Mwenye mali kauza, ninyi kinachowauma nini?

Mzee wa Shangani: Mwanangu, kuuza si kuridhia. Mimi korosho zangu nimepeleka ghalani, zimepigwa mnada, zimekwenda. Bei ile sikuridhia hata siku moja, lakini ada ya shule haingoji. Na yule mama Christie huenda naye ilikuwa hivyohivyo.

Korosho Newala: Mzee, hapo umenigusa. Ninyi mliuza mnada wa ngapi?

Mzee wa Shangani: Wa tatu.

Korosho Newala: Sisi wa kwanza, na mpaka leo wengine hawajaona hela. Hebu tulizungumze hili vizuri.