Pete ya Sauron ni ishara ya nini hasa?

Swali
Ninarudia kusoma The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, iliyochapishwa mwaka 1954 na 1955, na bado ninajiuliza ile Pete ya Sauron, bwana wa giza anayetaka kuitawala dunia ya hadithi hiyo, inawakilisha nini. Wapo wasemao kuwa ni bomu la nyuklia. Wenzangu mnaionaje?

Jibu la kwanza
Hilo la bomu halisimami, kwani katika dibaji ya toleo la pili mwandishi mwenyewe alieleza kwamba, kama hadithi ingefuata mkondo wa Vita Kuu ya Pili, Pete ingetwaliwa na kutumiwa dhidi ya Sauron. Mimi naiona kuwa ni tamaa ya kutawala utashi wa wengine, ambayo humjia kila mtu kwa sura ya kile akipendacho: Sam, mtunza bustani, anapoibeba, anaona nchi kame ikigeuka bustani kwa amri yake.

Jibu la pili
Naafiki, ila kwangu jiwe la kuonea mbali, palantír, lina kina zaidi. Denethor, mtawala wa Gondor, nchi inayopigana na Sauron, anapolitazama haonyeshwi uongo. Anaonyeshwa majeshi ya kweli, lakini yale tu ambayo Sauron anataka ayaone, hadi anakata tamaa na kujichoma moto. (Anayekesha akifuatilia habari za vita kwenye simu atamwelewa.)

Jibu la tatu
Linganisheni na kisanduku chenye udongo ndani ambacho Galadriel, bibi mtawala wa msitu wa Lothlórien, alimpa Sam. Hakimpi mamlaka juu ya yeyote. Anapanda miche palipokatwa miti ya Shire, nchi ya kwao, na kila shina analitilia chembe moja tu ya udongo huo.