Wanandoa kwenye Appalachian Trail: tupeane uzoefu, nani abebe nini

Mzee wa Mabegi
Wakuu habari za jioni. Kuna picha inazunguka ya wawili wanaanza pale Springer Mountain, Georgia. Jamaa begi limempita kichwa, shemeji kabeba kimkoba cha kwendea sokoni. Hawa Virginia hawafiki. Wenye ujuzi na hii njia karibuni, ila tuongee vitu vya kupimika: kilo, lita, kilomita. Za "mapenzi yalishinda" pelekeni jukwaa lake.

Kwa wageni: hii ni njia ya kutembea kwa miguu kule Marekani, kama km 3,500, majimbo 14, kutoka Georgia hadi mlima Katahdin kule Maine. Kuimaliza kwa mkupuo ni miezi 5 hadi 7, na wanaomaliza ni kama mmoja kati ya wanne. Hakuna wapagazi. Unachobeba ndicho unacholalia.

Naanza. Mzigo haugawanywi nusu kwa nusu, unagawanywa kwa uzito wa mwili. Begi likiwa na chakula na maji lisizidi asilimia 20 ya mwili wako. Mwenye kilo 80 abebe 16, mwenye kilo 60 abebe 12. Ukimpunguzia mwenzako zaidi ya hapo kwa huruma, magoti yako ndiyo yatalipa kwenye mteremko.

Fundi Jiko
Mleta mada uko sahihi, ila watu wanadanganyana kwamba kuwa wawili ni nusu ya mzigo. Si kweli. Hema la watu wawili la gramu 1,200 ni 600 kila mmoja, la mtu mmoja ni kama 900. Umeokoa 300. Jiko na sufuria moja, umeokoa kama 200. Vifaa vya huduma ya kwanza, powabanki na vikorokoro vingine, 200 au 300. Jumla haifiki hata kilo moja kila mtu. Kwa hiyo msigawane kila kitu kwa tamaa ya gramu.

Kosa linalojirudia kila msimu: mmoja kabeba turubai la hema, mwingine fito na vigingi. Wakipotezana kwenye njia panda, huyu ana kitambaa, yule ana vyuma, na mvua inanyesha. Hema zima libebwe na mtu mmoja. Jiko, gesi na sufuria abebe mwingine.

Visivyogawanywa kabisa: chujio la maji, tochi ya kichwani, koti la mvua, nguo ya joto, kiberiti, ramani, filimbi na chakula cha siku moja. Hivyo kila mtu ana vyake. Mkibishana kuhusu hilo, ahirisheni safari.

Kasie
Naunga mkono hoja. Hasa chujio.

Mpare Mbishi
Chujio mbili za nini? Moja ikiharibika mnachemsha.

Fundi Jiko
Mpare, piga hesabu. Nusu lita ikichemka inakula gramu 7 au 8 za gesi kukiwa hakuna upepo. Mtungi wa gramu 100 unakupa kama lita 6 na nusu. Watu wawili wanakunywa lita 6 kwa siku bila shida. Mtungi mzima umeisha siku moja na hamjapika.

Halafu chujio za nyuzi hazivunjiki kwa kuangushwa tu, zinakufa kwa baridi. Maji yaliyobaki ndani yakiganda yanapasua nyuzi, na kwa macho huoni kitu. Machi pale milima ya Smokies usiku unashuka chini ya sifuri. Chujio liingie kwenye mfuko wa plastiki, ulale nalo kifuani.

Bi Chogoria
Mie niseme la kulalia, maana hapo ndipo ndoa nyingi zinapoyumba. Mifuko ya kulalia inayopimwa kwa kiwango cha ISO ina namba mbili za baridi inayohimiliwa. Ya "comfort" imekokotolewa kwa mwanamke wa kawaida, ya "limit" kwa mwanaume wa kawaida, na tofauti yake ni kama nyuzi joto 5 au 6. Dukani wanapenda kuandika ile ya chini kwa herufi kubwa. Baba ananunua miwili inayofanana, yeye analala kama mtoto, mama anatetemeka hadi alfajiri halafu anaambiwa analalamika sana. Soma "comfort" kwa mama. Hata baba asome hiyo hiyo, atashukuru.

Blanketi moja la watu wawili linaokoa gramu kama 300, lakini kila mmoja akigeuka upepo unaingia katikati. Likitumika, magodoro ya upepo yafungwe pamoja kwa mikanda, la sivyo yataachana usiku na mtu atajikuta chini.

Mangi wa Ohio
Kilimanjaro nimeona wazungu wazee wanapanda bila shida. Hiyo njia yenu sehemu ya juu kabisa ni mita ngapi?

Mzee wa Mabegi
Mita 2,025, Kuwohi, zamani ikiitwa Clingmans Dome. Juu kidogo tu ya geti la Marangu. Usicheke lakini. Kilimanjaro hema lako linabebwa na mtu mwingine na unashuka ndani ya wiki. Huku ukijumlisha miinuko yote ni kama kupanda Everest kutoka usawa wa bahari mara 16, na hema ni lako.

Mpare Mbishi
Hamjagusa chakula. Kilo 5 za unga wa sembe, dagaa, chumvi. Mbona mnatishana?

Fundi Jiko
Ugali unataka kuchemka na kusongwa dakika 10 na zaidi, kwa jiko la gesi lenye kichwa kama kifuniko cha soda. Sufuria ya titani inaungua katikati, pembeni mbichi. Na unga ni kalori 3.6 kwa gramu. Karanga zinakaribia 6, mafuta ya kula karibu 9. Utabeba mzigo mzito na bado ushinde na njaa.

Mwana wa Tanga
Tende na karanga mkuu, mchezo umeisha. Haupiki.

Mpare Mbishi
Tende siku 150? Utahitaji meno mapya.

Mama Wawili
Acheni ugomvi wa unga, kuna jambo kubwa zaidi. Wawili wakipakua sawa kutoka sufuria moja, mwanaume ndiye anakonda vibaya. Akifika Pennsylvania nguo zinamning'inia na hasira ziko puani, mke akidhani kachokwa. Kumbe njaa. Bajeti ya kawaida ni gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Mwenye mwili mkubwa apewe juu ya hapo, na dawa rahisi ni kichupa chake cha mafuta ya zeituni: mililita 30 kwenye bakuli lake kila jioni ni kama kalori 240. Ugomvi wa saa kumi jioni msiujibu kabla ya kula.

Kasie
Hiyo ya mwisho iwekwe kwenye katiba.

Njia ya Msitu
Nimesoma hapo juu kwa Fundi Jiko kuhusu kupotezana nikakumbuka kisa cha Maine cha 2013. Kinajulikana, kiliandikwa sana, ila wengi wanakisimulia bila kutazama kilipoharibikia.

Mama wa miaka 66 alianzia Harpers Ferry, West Virginia, mwezi wa nne, akielekea kaskazini. Alianza na rafiki yake. Mumewe hakutembea, alikuwa na gari. Wanakubaliana barabara fulani, mume anasubiri na chakula, mama anaoga na kulala vizuri, kesho anaendelea. Wanandoa wengi wanaipenda sana hii staili, hasa mmoja akiwa na magoti mabovu. Mwishoni mwa Juni rafiki akarudi nyumbani kwa dharura. Mama akaendelea peke yake na ratiba ile ile.

Julai 22, magharibi mwa Maine, alitoka njiani kwenda kujisaidia. Akarudi, njia haioni. Wasioijua Maine wataona ajabu. Pale msitu ni miberoshi iliyobanana, matawi kuanzia magotini, magogo yaliyoanguka yamefunikwa na kuvu. Ukiingia hatua 30 na kugeuka mara mbili, kila upande unafanana. Alama nyeupe za njia zina upana wa sentimita 5 na urefu wa 15 tu, na zimepakwa zionekane na mtu aliye juu ya njia. Aliye pembeni anaona magome.

Akamwandikia mumewe ujumbe kwamba amepotea. Haukwenda, hakuna mtandao. Akapanda juu kutafuta mtandao, akajaribu tena na tena. Huko kupanda ndiko kulikomtoa zaidi mahali ambapo wangemtafuta. Mume alikuwa barabarani akisubiri, akadhani mvua imemchelewesha. Walipoanza kutafuta lilikuwa zoezi kubwa: askari wa wanyamapori, mbwa, ndege. Mbwa walipita karibu naye. Yeye alipiga hema akangoja, akaishi wiki kadhaa, akiandika kwenye daftari. Aliomba atakayemkuta awapigie mumewe na binti yake, hata iwe baada ya miaka mingapi. Mabaki yake yalipatikana Oktoba 2015, bado ndani ya hema.

Kilichokosekana si ushujaa. Kilikosekana kifaa cha dharura cha setilaiti mkononi, na makubaliano ya saa: nisipofika saa fulani, usinisubiri, piga simu.

Mangi wa Ohio
Aisee. Wiki kadhaa.

Bi Chogoria
Innalillahi. Na mume yuko kwenye gari.

Kasie
Nimeacha kusoma mambo ya unga.

Mpare Mbishi
Na kujisaidia kunafanywaje basi? Maana kila siku utatoka njiani tu.

Njia ya Msitu
Begi linabaki ukingoni mwa njia au fimbo inachomekwa pale, upande uliotokea. Unamwambia mwenzako. Hatua 80 hivi zinatosha kufikisha mita 60 kutoka njiani na kutoka kwenye maji. Nenda mstari mmoja, geuka utazame nyuma kila hatua 20, maana njia ya kurudi ina sura nyingine. Shimo la sentimita 15 hadi 20. Ukishaona umepotea, kaa. Filimbi mara tatu, pumzika, mara tatu.

Mwana wa Tanga
Begi ulibakize njiani, dubu aje?

Njia ya Msitu
Ukihofia dubu, chukua begi uchomeke fimbo. Au acha begi na mwenzako. Hapa watu hawakubaliani. Anayepotea akiwa na begi ana hema na chakula, anayeliacha anaonekana alipotokea. Mkiwa wawili swali halipo kabisa, mmoja anasimama njiani.

Fundi Jiko
Na kifaa cha dharura anabeba aliye nyuma, si aliye mbele. Aliye mbele akianguka, wa nyuma atamkuta.

Mama Wawili
Mimi nasema abebe anayetembea polepole. Si lazima awe wa nyuma.

Fundi Jiko
Wa polepole awe mbele basi, tumalize.

Mzee wa Mabegi
Sikubali. Ukimtanguliza wa polepole kilomita 25 kila siku, wa kasi anamkanyaga visigino na kila mtu ana kinyongo. Kila mtu mwendo wake, mkutane kwenye kila maji, kila barabara na kila njia panda. Kuna jambo dogo hapa ambalo linaua safari: wa kasi anafika, anapumzika dakika 15, baridi inamwingia, mwenzake akitokea tu anasema twende. Wa polepole hapumziki hata mara moja siku nzima. Saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa anapofika wa pili.

Nesi wa Worcester
Niongeze ya afya haraka, niko zamu.

Kuhara na kutapika kwa norovirus hutembea kwenye mabanda ya kulala ya njia, na wanandoa huambukizana usiku mmoja. Jeli ya pombe haimuui yule kirusi, na chujio la nyuzi halimzuii. Maji na sabuni, mita 60 kutoka kijitoni. Mfuko wa karanga usiingizwe mikono, mmwagiane kiganjani.

Kupe: nguo na viatu vipulizwe permethrin, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 0.5 na zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Inadumu kama wiki 6 au kufua mara 6. Kama mna paka nyumbani msipulizie karibu naye, ikiwa mbichi inamdhuru. Jioni kaguaneni nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nywele. Hapa wawili wana faida kubwa kuliko anayetembea peke yake. Kupe mtoto ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Homa baada ya siku kadhaa, au doa jekundu linalopanuka, shukeni mjini siku hiyo hiyo, ugonjwa wa Lyme ukiwahiwa unatibika kwa vidonge.

Akina dada, pedi zilizotumika hazifukiwi, zinabebwa. Kikombe cha hedhi kinapunguza mzigo ila kinadai mikono safi kweli, si ya jeli.

Bi Chogoria
Na kanga moja. Taulo, pazia la kubadilishia, mto.

Fundi Jiko
Kanga ni pamba, bi mkubwa. Ikiloa haikauki. Mvua ya nyuzi 5 inaua kuliko theluji kavu.

Bi Chogoria
Sijasema ajifunike ikiwa imeloa. Iweke kwenye mzani ndiyo uongee.

Mwana wa Tanga
Swali: natoka Tanzania na mke, viza ya matembezi inatosha miezi 7?

Mangi wa Ohio
Afisa wa uwanja wa ndege ndiye anakuandikia tarehe ya kutoka, kwa kawaida hadi miezi 6. Angalia tarehe kwenye I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) yako na ya mke, kila mtu ana yake. Kuongeza muda ni fomu I-539, inaombwa kabla haijaisha. Usiipangie safari juu yake. Tembeeni nusu mkomee Harpers Ferry.

Mzee wa Mabegi
Na kama mnakwenda hadi mwisho, Katahdin iko ndani ya Baxter State Park na kambi zake hufungwa katikati ya Oktoba. Mkitoka mji wa Monson mna kama km 160 bila duka, chakula cha siku 7 hadi 10. Kambi ya The Birches, iliyotengwa kwa wanaotoka huko kwa miguu, inapokea watu 12 kwa usiku. Mkiwa wawili mnahesabiwa wawili. Kila mmoja achukue kibali chake kwa askari wa hifadhi kabla ya kupanda.